Barua yetu inapita ku bariere ngapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Butembo, siku ya posho. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, na tumeongeza kidogo pale kelele ya jenereta ilimeza sauti.

Wengi wenu mmekuja kwa mguu juu motari walikataa kuingia ndani ya haya matope, tunaona ku viatu. Aksanti kwa mzee mwenye alitupatia hii sale bila kutuomba hata franka moja.

Leo tutaongea juu ya kitu kimoja tu: mtu akiandika mesaji hapa, nani anaweza kuisoma njiani mbele ifike? Hatukuja kama wataalamu. Sisi ni wale wenye walimaliza chuo kikuu, diploma iko ndani ya plastiki chini ya kitanda, kazi hakuna. Muda tuko nao mwingi. Tuliutumia kusoma namna hii mambo inatembea, na leo tunagawa.

Mnajua kwa nini tulianza kusoma. Kamarade wetu mmoja walimkamata kisha maandamano ya maji. Walimshika siku mbili. Alipotoka alituambia kama walisoma grupe yetu yote: majina, nimero, nani alisema tukutane wapi, nani alitoa makuta ya kuchapisha banderole. Kesho yake wengine wetu watatu hawakulala tena nyumbani kwao. Na kila mtu alikuwa na swali moja: "WhatsApp si inaandika pale juu kama mesaji zimefungwa, kama hakuna mtu wa nje anaweza kuzisoma? Kumbe walitudanganya?"

Hawakutudanganya. Sisi njo hatukuelewa walichoandika. Tutarudi kwa kamarade, lakini ili kuelewa jambo lake tunapaswa kwanza kuelewa barabara.

Tuseme unataka kutuma barua Bunia. Unampatia shofere. Gari inapita Beni, Oicha, Eringeti, Luna, Komanda. Kila mtu ndani ya hii sale anajua kama ile njia ina bariere, na kama ku kila bariere kuna mtu mwenye anaweza kusema: "Shusha mizigo, tuone." Barua yako ikiwa ni karatasi iliyokunjwa tu, yule mtu anaifungua, anaisoma, anaikunja tena, shofere anaendelea. Ndugu yako Bunia anaipokea na hajui kama watu wanne waliisoma mbele yake. Ama mmoja wao aliongeza mstari.

Intaneti ni vile vile. Simu yako haiongei moja kwa moja na simu ya rafiki yako. Mesaji inakatwa vipande vidogo vyenye wanaita pakiti. Kila pakiti ina anwani ya mwenye kutuma na anwani ya mwenye kupokea, na ndani yake kipande cha maneno yako. Inatoka ku simu, inafika ku antene, inaingia kwa kampuni ya simu, kisha inapitishwa ku mashine moja mpaka ingine, zile wanaita ruta. Kila ruta inasoma anwani ili ijue kuituma wapi. Lakini kama ndani kuko wazi, hakuna kitu kinaizuia kusoma na yale ya ndani. Mesaji yako ya kwenda kwa jirani, mtu mwenye unaweza kumuita kwa sauti, inaweza kuzunguka mpaka ku servere iko ngambo ya bahari na kurudi.

Ku ordinatere ya Windows kuna komande inaitwa tracert. Unaandika ile neno, unaongeza jina la tovuti, inakutolea orodha ya bariere moja kwa moja. Tulifanya leo asubuhi na tovuti moja ya Ulaya: zaidi ya kumi. Jaribuni ku siberi, haichukue mega nyingi.

Msifikiri kama kuna mtu mubaya aliijenga vile makusudi. Mesaji ya kwanza ya ile rezo yenye ilizaa intaneti ilitumwa tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka chuo kikuu cha UCLA kule California mpaka taasisi ya utafiti ya Stanford. Walikuwa watu wa chuo, wanajuana. Hakuna mwenye aliwaza kama siku moja mama muuza viazi atapitisha makuta yake ndani ya ile barabara, ama vijana watapitisha majina ya watu wenye wanaweza kufungwa.

Wale wenye walifika mapema waliona tulichofanya na ordinatere mbili. Tuliwasha wifi kutoka simu yetu wenyewe, ordinatere zote mbili zetu, hatukugusa kitu cha mtu. Ku moja tulifungua ukurasa wa zamani wenye anwani yake inaanza na http, bila s. Tukaandika ndani yake: "tunataka maji." Ku ingine tulikuwa na programu inaitwa Wireshark, ni ya bure, inaonyesha pakiti zenye zinapita. Ku kioo yake tulisoma: "tunataka maji." Herufi kwa herufi. Kisha tulirudia na ukurasa wenye kuanza na https. Maneno yale yale. Safari hii tuliona takataka ya herufi na namba. Dada mmoja alisema: "Ni sawa kuku alitembea ku karatasi."

Ile alama ya kuku njo kazi yenye tunaongelea leo. Wenye walisoma habari ya ordinatere wanaita kushifre. Kiswahili cha vitabu kinasema kusimba. Barua inapita ku bariere zote zile zile, wanaweza kuishika, kuipima, hata kuweka kopi. Lakini hawana namna ya kuisoma, na mtu akibadilisha hata herufi moja ndani, mwenye kupokea anajua mara moja kama iliguswa na anaikataa.

Tuwape mfano wenye hautoke ndani ya kitabu. Tunisia. Tarehe 17 Desemba 2010, kule Sidi Bouzid, kijana muuza matunda, Mohamed Bouazizi, alijichoma moto. Vijana walitoka barabarani, na picha za maandamano walizipitisha ku Facebook. Wakati ule Facebook, ukiifungua tu hivi, ilikuwa inafunguka na http, ukurasa wazi. Kurasa zenye zilifika kwa watu ndani ya Tunisia zilikuwa zimeongezewa kitu njiani: mistari ya programu yenye haikutoka kwa Facebook, yenye ilikuwa inachukua jina la mtu na neno lake la siri wakati anaandika. Gmail na Yahoo pia. Mtu anafungua ukurasa, anaona ni ule ule wa kila siku, anaingiza neno la siri, na kuna mwenye ameshalichukua. Watu waliamka, kurasa zao zimefutwa.

Elewa vizuri pale. Hawakuvunja mlango wa Facebook kule Marekani. Walisimama ku bariere. Karatasi ilikuwa wazi, waliongeza mstari, wakaikunja tena.

Facebook ilipoelewa, Januari 2011, ilifanya nini? Ililazimisha watu wote wa Tunisia wapite ku https. Basi. Ukurasa ukisimbwa, mwenye kusimama njiani hawezi kuongeza mstari ndani yake juu hajui hata mstari unaanzia wapi. Tarehe 14 ya ule mwezi rais Ben Ali alikimbia inchi. Hatusemi kama ni s moja njo ilimkimbiza. Ni watu njo walimkimbiza, na wengine walikufa. Tunasema tu kama kuna vijana wenye kurasa zao zilipona juu ya ile herufi moja. Dunia nzima ilingoja mpaka 2013 ili Facebook iwape wote https bila kuiomba.

Sasa kuna swali lenye lilitusumbua sisi wenyewe, na kama hujaliuliza bado, liulize. Ili kufunga barua unahitaji ufunguo, na mwenye kupokea anahitaji ufunguo ule ule. Sawa. Utamtumia ule ufunguo kwa njia gani? Njia iko moja tu, ni ile yenye bariere. Ukituma ufunguo pamoja na barua, wanaufungulia palepale. Kwa miaka mingi sana hii ilikuwa shida ya majeshi na ya mabalozi: walipaswa kubeba ufunguo ku mkono, ndani ya valisi, na mtu mwenye kuuchunga.

Mwaka 1976 wanaume wawili wa Stanford, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha namna ya kutoka ndani ya ile shida. (Wingereza wa idara ya siri walikuwa wameshaona hesabu kama hiyo, lakini serikali yao ilificha mpaka 1997. Mnaona, kuficha ujuzi haiko ugonjwa wa hapa kwetu tu.) Namna yenyewe ni hesabu ya shule, na tuliifanya hapa ku tablo. Tuliomba dada mmoja wa mbele na kaka mmoja wa nyuma, ninyi wengine wote mkawa watu wa bariere.

Namba mbili tuliziandika kwa chaki, kila mtu anaziona: 13 na 2. Dada alichagua namba yake ya siri, 5, akaiandika ndani ya kiganja. Akachukua 2, akaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 5: ni 32. Akagawa kwa 13, baki ni 6. Akapaza sauti: "Sita!" Wote mlisikia. Kaka alichagua siri yake, 4. Akachukua 2, mara 4: ni 16. Akagawa kwa 13, baki ni 3. Akapaza sauti: "Tatu!" Wote mlisikia tena.

Sasa njo utamu. Dada alichukua ile 3 ya kaka, akaizidisha yenyewe mara 5, juu 5 ni siri yake: ni 243. Akagawa kwa 13, baki ni 9. Kaka alichukua ile 6 ya dada, akaizidisha mara 4: ni 1296. Akagawa kwa 13, baki ni 9. Wote wawili walikuwa na 9, na hakuna mmoja mwenye aliitamka. Ninyi wa bariere mlisikia 13, 2, 6 na 3. Tisa hamkuisikia fasi yoyote.

Kaka mmoja alisimama akasema anaweza kujaribu namba moja kwa moja mpaka apate siri ya dada. Ana haki. Na 13, dakika mbili zinatosha. Lakini simu zetu hazifanye na 13. Kwa hesabu kama hii wanatumia namba ya biti 2048, na namba kama hiyo iko na tarakimu 617. Kuzidisha na kugawa, simu inafanya mara moja, hata simu ya bei ya chini. Kurudi nyuma kutoka ku baki mpaka ku siri, hakuna mtu ameonyesha namna ya kuifanya kwa ordinatere zenye ziko leo, hata akiwa na jengo lenye kujaa mashine.

Kisha pale wanakuwa na ufunguo, wanafunga maneno yenyewe kwa namna ingine, ya haraka. Ile yenye inatumika sana inaitwa AES. Marekani waliichagua kama kanuni mwaka 2001, lakini wenye waliibuni ni Wabeljiki wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Basi hiki, kwa mara moja, ni kitu cha Ubeljiki chenye tunatumia kila siku na hakijatuchukulia kitu. Ufunguo wake mdogo kabisa ni wa biti 128. Idadi ya funguo zenye zinawezekana ni namba ya tarakimu 39. Anayetaka kuzijaribu zote, aanze, tutamletea bugali.

Na zaidi: ku kanuni mpya ya https, ile ya 2018 yenye inaitwa TLS 1.3, kila mara unafungua tovuti ufunguo mpya unatengenezwa na kisha unatupwa. Mtu mwenye aliweka kopi ya barua zako za leo, akiiba ufunguo wa servere kisha miaka tano, haumsaidie kufungua zile za zamani.

Mpaka hapa mnaona kama hadisi nzuri. Kuna tundu, na hili tundu lilimeza makuta ya wenzetu.

Ile mchezo wa namba inakupa siri na mtu. Haikuambie ni mtu gani. Kama mtu wa bariere anamjibu dada akijifanya ni kaka, na anamjibu kaka akijifanya ni dada, atakuwa na siri moja na huyu, siri ingine na yule, anafungua, anasoma, anafunga tena. Juu ya ile, tovuti inapaswa kuonyesha sertifika: karatasi yenye kutiwa saini na kampuni yenye simu yako inaiamini, yenye inasema "huyu njo mwenye ile anwani." Ile alama ya kadena ku juu ya ukurasa, maana yake ni hii: njia imefungwa, na uko unaongea na mwenye ile anwani iliyoandikwa. Si zaidi.

Wenye kutia saini nao ni watu, wanaweza kuibiwa. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi yenye jina DigiNotar iliingiliwa, wezi wakajitengenezea sertifika ya Google. Iliponekana, ilikuwa inatumika juu ya watu wa Iran, karibu anwani 300.000. Watu wale waliona kadena, kila kitu sawa, na barua zao zilikuwa zinasomwa. DigiNotar ilifilisika mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Lakini wezi wa hapa kwetu hawahitaji kwenda mbali vile. Tangu Desemba 2015 kuna huduma inaitwa Let's Encrypt yenye inatoa sertifika kwa kila tovuti, bure. Ni kazi nzuri sana. Mbele yake wengi walikuwa wanalipa, na tovuti ndogo zilibaki wazi. Lakini bure ni bure kwa wote, hata mwizi. Sisi tunatafuta kazi, kila siku tunapokea linki: shirika fulani linaajiri, jaza fomu, weka foto ya karte ya mchaguzi, tuma makuta ya dosiye. Kati yetu kuna wenye walijaza. Walituambia: "Tuliangalia, kadena ilikuwako." Ndiyo, ilikuwako. Karte yao ilisafiri salama kabisa, hakuna mtu wa bariere aliiona, ikafika moja kwa moja kwa mwizi. Kwa hiyo soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi, mbele ya kuangalia kadena.

Kuna mambo mengine yenye bariere inaona hata barua ikiwa imefungwa. Inaona ni nani anatuma, kwenda wapi, saa ngapi, mara ngapi, uzito gani. Simu yako ikitumia Facebook, kampuni ya simu haioni uliandika nini, lakini inajua uliingia Facebook. Watu kumi na tano wakianza kupigana mesaji saa nne ya usiku, mbele ya siku ya maandamano, haiombi kusoma ili kuelewa. Kampuni nayo inaweza kuweka orodha ya nani aliongea na nani. Hapa programu hazifanane. Mwaka 2016 sheria ya Marekani iliwaomba wenye Signal watoe yote yenye wanajua juu ya nimero fulani. Walichokuwa nacho ni siku ile nimero iliandikishwa na siku ya mwisho iliingia. Ni yote. Huwezi kutoa kitu chenye hukuweka.

Mesaji ya kawaida, SMS, na kupiga simu ya kawaida, msidanganyike: zinafungwa kutoka simu mpaka antene tu. Ndani ya kampuni ziko wazi. Mtu mwenye kutuma matokeo ya biro la kura kwa SMS, ajue kama anatuma karatasi iliyokunjwa. WhatsApp tangu Aprili 2016, na Signal, zinafunga kutoka simu mpaka simu. Hata servere yao katikati haina ufunguo.

Na kama wanakata rezo, kusimba hakusaidie kitu. Inchi yetu inajua: Januari 2015, wakati wa maandamano ya sheria ya uchaguzi, na tena kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kisha kura, karibu wiki tatu. Bariere ikifungwa kabisa, barua iliyofungwa na barua iliyo wazi zinalala pamoja barabarani.

Sasa turudi kwa kamarade.

Mesaji zetu zilitoka ku simu zetu zikiwa zimefungwa. Zilipita ku antene, ku kampuni, ku bariere zote, hakuna mwenye alizisoma. Zilifika ku simu ya kamarade, na pale zilifunguliwa, juu njo kazi yao: zifunguliwe ili yeye asome. Simu yake haikuwa na kode. Hata moja. Walimnyanganya, wakapitisha kidole ku kioo, wakakaa wakasoma sawa gazeti. Kusimba kunachunga barabara. Nyumba mbili, ile ya mwenye kutuma na ile ya mwenye kupokea, hakuzichunge.

Tulikasirikia WhatsApp wiki nzima, kumbe sisi watu makumi nne tulikuwa tumeweka barua zetu zote ndani ya nyumba makumi nne na hatukuuliza hata siku moja kama ziko na mlango. Na tuseme ukweli: siku ile wenye hawakuwa na kode ndani ya grupe hawakuwa kamarade peke yake. Tulihesabu. Walikuwa kumi na moja. Mmoja ni mwenye anasoma hii karatasi mbele yenu.

Nyumba zina milango mingi. WhatsApp inaweza kuweka kopi ya mazungumzo ku Google Drive. Ile kopi, kama wewe mwenyewe hukuwasha kuifunga, haifungwe kwa ufunguo wako. Tangu 2021 unaweza kuifunga, lakini inaomba uende uiwashe mwenyewe. Kuna siberi: unafungua barua-pepe yako, https kila fasi, vizuri, unapakua diploma yako ili kuichapisha, na unaondoka. Diploma inabaki ku ordinatere ya siberi, ndani ya kasha la vitu vilivyopakuliwa. Kijana wa siberi siku moja alituonyesha: diploma, karte, barua za kuomba kazi, za watu wenye tunajua kwa sura. Alikuwa anacheka. Sisi tulicheka kidogo pia, kisha tukatafuta zetu. Zilikuwamo.

Na kuna programu za kuingizwa ndani ya simu kwa siri, zenye zinasoma ku kioo pamoja nawe. Mwaka 2021 Amnesty International ilionyesha kama simu ya Carine Kanimba, mtoto wa Paul Rusesabagina, iliingizwa ile inaitwa Pegasus. Ile ni bei kubwa sana, si kila mtu anaweza kuinunua. Wenye walimkamata kamarade hawakuihitaji.

Dada wa nyuma aliuliza: kama wanakushika na wanakulazimisha kutoa kode, inasaidia nini? Hatuna jibu la hesabu kwa ile. Tunajua tu kama barua yenye haiko tena ndani ya nyumba haisomwi. WhatsApp na Signal zote mbili zina namna ya kufanya mesaji zijifute zenyewe kisha siku fulani. Grupe yetu tangu ile wiki inajifuta kila siku saba. Kuna wenye walikataa, walisema tunapoteza historia ya kazi yetu, foto, mambo ya kukumbuka. Wana haki pia. Tuliamua kuandika yale ya kukumbuka ndani ya daftari, bila majina. Bado tunabishana.

Basi. Jenereta iko na mafuta ya dakika makumi tatu. Toeni simu. Mwenye hana kode aweke sasa, namba sita, si mwaka wa kuzaliwa, si 123456. Kisha ingia ndani ya WhatsApp, fasi ya kopi, uone imewashwa ao hapana. Mwenye simu yake imezimika aje hapa mbele, tuko na sharja tatu. Hatutaanza maswali mengine mpaka wa mwisho amemaliza.